Buluo: mashua iliyoshonwa na waya wa shaba

Ukisema Buluo, mtu wa Lubumbashi anafikiri gereza tu. Hata hapa Likasi, ukimwambia mtu wa Kikula ao wa Panda kwamba unaenda Buluo, anakuuliza kwanza: "Nani amefungwa?" Leo sisemi juu ya gereza. Ninasema juu ya mashua moja yenye urefu wa metre 4,5 iliyozaliwa ndani ya parseli yangu, katikati ya muti wa avoka na kamba ya kuanikia nguo, mbali na ziwa. Majirani walikuwa wanapita, wanasimama, wanacheka. Mzee mumoja aliita toka barabarani: "Nuhu! Na sisi utatuwekea nafasi?" Watoto wa kartié walidaka jina lile. Miaka yote nilikuwa baba wa sendika, sasa niko Tata Nuhu.

Nitaeleza vile tulifanya, kwa sababu watu wengi wameniuliza, zaidi wenzetu wa ku kazi ambao mikataba yao iko karibu kumalizika. Nitaeleza na makosa yetu, ili musiyarudilie.

Jambo lilianza na kilio. Shemeji yangu, bwana wa dada yangu mdogo, alifanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu katika kampuni moja ya kandarasi. Siku mkataba haukurudishwa, hakukaa kungojea. Alinunua bwato kuukuu ku Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele, akaanza kuvua samaki. Bwato lile lilikuwa na ufa toka mbele mpaka katikati, uliozibwa na lami na vipande vya mpira wa kinga. Siku moja walikuwa watatu ndani yake. Mvua ya mwezi wa kumi na moja iliwakuta na upepo, bwato likajaa, likageuka. Wawili walishika bidon ya plastiki, wakapiga miguu mpaka kwenye matete. Shemeji alionekana siku ya tatu.

Aliacha watoto watano. Wa kwanza, mwipwa wangu, ana miaka 19. Mwaka uliofuata alinijia jioni, akasema: "Mujomba, minaenda ku ziwa." Nikakatala. Alinijibu na heshima, lakini hakuangalia chini: "Sasa mujomba, utaweza kutulisha sisi batu sita na mushahara wako?" Nilikosa jibu. Miaka mingi ninasimama mbele ya wakubwa wa kazi na kuuliza neno moja tu: huyu mtu anaenda kufanya kazi na chombo gani? Chombo kikiwa kibovu, kazi isimame kwanza. Kwa hiyo sikuweza kumwambia mwipwa wangu neno lingine. Nikamujibu: utaenda, lakini si ndani ya lile bwato.

Wengi wanajua Tshangalele kwa jina tu. Ni ziwa la kutengenezwa. Maji ya Lufira yalizuiwa pa Mwadingusha, kwenye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita chutes Cornet, na kituo cha umeme kilianza kazi 1930 ili Union Minière ipate nguvu ya viwanda vyake. Mabonde yakafunikwa, samaki wakaongezeka. Mugodi ulikuwa unatafuta umeme, sisi tukapata tilapia na kambale. Ziwa ni pana lakini kina chake ni kidogo, pahali pengi unagusa chini na muti wa metre tatu. Na hapo njo hatari iko. Watu wanafikiri maji mafupi hayaui. Upepo ukipiga juu ya maji ya namna ile, mawimbi yanakuwa ya kusimama, moja nyuma ya lingine bila nafasi, na bwato lenye ukingo wa kiganja kimoja juu ya maji linakunywa kila wimbi.

Zamani bwato lilikuwa jambo zuri, kwani muti ulikuwako. Fundi alichagua mulombwa munene, akauchonga, na chombo kilimuzikisha yeye mwenyewe. Leo tafuteni muti wa namna ile pembeni ya barabara ya Likasi na Lubumbashi! Makala imeila misitu, na ile iliyobaki mbali, wafanyabiashara wa mbao wamepita mbele yetu. Mabwato yanayouzwa sasa ni membamba, mengine yamechongwa katika muti wenye moyo uliooza. Njo maana mimi siwalaumu wavuvi. Wananunua kile kiko sokoni.

Wazo la tripleksi lilitoka kwa rafiki mumoja ambaye miaka karibu ishirini kazi yake ilikuwa kutengeneza matenki ya asidi. Wale wa viwanda vya hidrometalurji wanajua: chuma hakivumilii asidi sulfuriki, kwa hiyo matenki na mabomba mengi ni ya fibre na rezini. Alisema: "Kama inashika asidi, itashindwa mayi?" Aliniambia kwamba Ulaya watu wanajenga mashua nyumbani kwa kushona mbao za tripleksi na waya, kisha kuzifunika na fibre. Nilifikiri ananichezea. Kushona mbao?

Lakini ni kweli, na hata si jambo geni kwa watu wa lugha yetu. Pwani, kule Lamu, wazee walijenga mitepe: mbao zilitobolewa na kushonwa na kamba za minazi, bila msumari hata mumoja, na mitepe ile ilibeba mizigo baharini mpaka karne ya 20. Kuna kitabu cha Wagiriki cha karibu miaka 2000 iliyopita, kinachoitwa Periplus, ambacho kinataja mashua za kushonwa katika pwani hii ya Afrika. Namna ya tripleksi yenyewe ilijulikana sana Uingereza, wakati gazeti moja la wafanyakazi, Daily Mirror, lilipoleta kwa wasomaji wake mashua ndogo ya kujijengea nyumbani. Barry Bucknell, fundi aliyeonekana katika televizio, na Jack Holt ndio walioichora, na ilionyeshwa 1963. Mashua zaidi ya 70.000 za namna ile zimejengwa, nyingi katika gereji na viwanja vya nyumba. Na uzi wa kushonea ulikuwa nini? Waya wa shaba. Rafiki yangu aliposema hivyo, nilicheka peke yangu. Sisi tunaichimba shaba, tunaiyeyusha, tunaipakia ku gari, na wengine wanashonea mashua.

Tulinunua tripleksi tano. Kila moja ina metre 2,44 kwa 1,22. Mbili za milimetre 9 kwa chini, mbili za milimetre 6 kwa mbavu, moja ya 6 kwa nyuma, viti na masanduku ya hewa. Hapa musikilize vizuri, kwani hapa njo watu wanapotezea franka. Tripleksi ya dari ya nyumba na tripleksi inayovumilia maji zinafanana kwa macho. Muuzaji atakuambia "hii ni ya maji" hata kama yeye mwenyewe hajui. Muombe kipande kidogo, ukitie ndani ya chungu, ukichemshe saa moja, ukikaushe, ukichemshe tena. Kama makaratasi ya mbao yanaachana, rudisha. Sisi tulichemsha vipande vya maduka matatu. Viwili vilifunguka kama kitabu. Mama watoto aliuliza kama sasa tutakula mbao na bukari.

Ukiisha kupata mbao nzuri, unaunga mbili ili upate urefu. Usizigonganishe mwisho kwa mwisho. Unachonga kila mwisho kama kabari ndefu, mara nane ya unene, yaani milimetre 9 inakuwa karibu sentimetre 7, kisha unalaza moja juu ya nyingine na gundi. Pale patakuwa na nguvu sawa na mbao nzima. Kazi hii ilituchukua siku mbili na randa moja ya kuazima, na siku ya kwanza ilikuwa ya kujifunza tu.

Kisha kukata, na kisha kushona. Tulitoboa matundu madogo, sentimetre 1 toka ukingo, kila sentimetre 15, tukapitisha waya na kuuzungusha na koleo. Waya tulinunua kwa fundi anayefunga upya mota za umeme. Ni waya wa mota zilizoungua, na alitupa karatasi ya mauzo. Ninaandika hivyo makusudi. Mtu wa sendika akionekana na waya wa shaba ndani ya parseli, maulizo hayakosi, na ni haki. Wizi wa kabuli umeua watu na umetuzimia taa. Musishone mashua na kabuli ya kuiba.

Ile jioni tulipokaza waya wa mwisho, mbao zilizokuwa zimelala chini kama meza ziliinuka zenyewe, zikakunjama, zikawa na pua na tumbo. Watoto walikaa kimya. Hata wale waliokuwa wanacheka pa barabara waliingia kuangalia.

Sasa rezini. Hapa nataka kukaa kidogo, kwani hapa karibu niunguze nyumba.

Rezini ya polyester ni kama asali nyepesi. Peke yake haigandi haraka. Unatia katalizeri, asilimia 1 mpaka 2 ya uzito: kwa kilo moja ya rezini, grame 10 mpaka 20, si zaidi. Na ndani ya rezini nyingi wenye kuitengeneza wameisha kutia kitu kingine kidogo sana, chumvi ya kobalti. Hiyo njo inaamsha katalizeri. Ndiyo, kobalti, ile ile yetu. Katika miaka hii karibu tani 7 juu ya 10 za kobalti ya dunia zinatoka katika udongo wa Kongo, na kijana wa Buluo anaiona kwa mara ya kwanza ikifanya kazi ndani ya ndoo ya plastiki, na rangi yake kidogo ya waridi. Kama muuzaji anakupa kobalti yako pembeni, katika chupa, usiikutanishe hata kidogo na katalizeri peke yao. Zinawaka, zinaweza kupasuka. Kobalti inaingia kwanza katika rezini, inachanganywa vizuri kabisa, kisha njo katalizeri.

Kosa letu lilikuwa la haraka. Ilikuwa saa sita ya mwezi wa tisa, jua kali, nikachanganya kilo tatu mara moja ili tumalize chini yote mbele ya jioni. Ndani ya dakika kumi ndoo ikawa moto mkononi, kisha ikaanza kutoa moshi. Rezini inapoganda inazaa joto, na ikiwa nyingi katika chombo kimoja joto halina pa kutokea. Metre tatu kutoka pale mbabula ya mama watoto ilikuwa inapika sombe, na hewa ya rezini inashika moto sawa na ya esansi. Nilipiga kelele: "Mama watoto, ondosha mbabula!" Aliiondosha yeye na binti yetu mbio, chungu juu yake, na sisi tukaisukuma ndoo na muti mpaka katikati ya kiwanja. Ilipasuka pembeni, ikanuka saa nzima. Kilo tatu za rezini, franka ya likelemba, zikawa jiwe. Kutoka siku ile tulichanganya nusu kilo tu, ndani ya sahani pana, na tulifanya kazi saa kumi, wakati jua limepoa.

Kuna jambo linanihayisha zaidi ya ndoo. Mimi niliyeandika barua ngapi juu ya vinyago vya kinga, niliyewaeleza wapasuaji wa mawe kwamba vumbi la silika halitoki ndani ya mapafu, nilianza kusugua fibre bila kitu kwenye pua. Nyuzi za fibre ni kioo. Ukizisugua zikiisha kuganda zinatoa vumbi jeupe, linaingia katika macho, koo, ngozi. Rafiki wa matenki alinikuta, akazima mashine, akaniambia mbele ya mwipwa wangu: "Delege, kinyago chako kiko ku biro?" Nilinyamaza. Tangu hapo kulikuwa na sheria pa kiwanja, imeandikwa na makala ku ukuta: kinyago na glavu kwa kila mtu, mikono mirefu, hakuna sigara, hakuna mbabula, watoto mbali, na ndoo ya maji safi karibu juu ya katalizeri. Tone la katalizeri katika jicho linaweza kukupofusha. Unaosha mara moja, dakika 15 nzima, kisha hospitali. Vitambaa vyenye rezini unavitia ndani ya maji, havikusanywi kavu, vinaweza kuwaka vyenyewe usiku.

Fibre yenyewe ni rahisi kueleza. Kwenye kila mshono unaweka kamba ya fibre ndani na nje, na chini yote unafunika mara mbili. Fibre ya nyuzi zilizotawanyika inakunywa rezini mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo hesabu mbele ya kununua. Mbao iwe kavu kabisa, isuguliwe, ipakwe kwanza rezini nyepesi. Polyester haipendi mbao sana. Mbao ikiwa na unyevu, fibre itabanduka baada ya mwaka kama ngozi ya vitunguu. Kuna rezini ya epoksi inayoshika vizuri zaidi, lakini bei yake hatukuiweza. Njo maana tulijenga wakati wa kiangazi. Aliyeanza mwezi wa kumi na mbili, shauri yake.

Chini ya kila kiti tulijenga sanduku la kufunga, na ndani yake tukatia mabidon matupu ya litre 20, yamefungwa na gundi. Kila litre ya hewa inabeba karibu kilo moja. Mabidon sita yanabeba kilo 120, na mbao yenyewe inaelea. Mashua inaweza kujaa maji mpaka juu, bado itabaki hapo, mtu ataishika. Bwato la shemeji lilikosa kitu hicho tu. Na hesabu ingine niliwaonyesha vijana na kijiti chini ya udongo: chini ya mashua ni karibu metre nne za mraba, kwa hiyo kila kilo 40 zinaizamisha sentimetre 1. Mashua kilo 90, watu watatu kilo 210, nyavu na samaki kilo 100: jumla 400, yaani sentimetre 10. Mbavu zina sentimetre 50. Basi 40 zinabaki juu ya maji, si kiganja kimoja.

Franka zilitoka kwa likelemba ya watu wanane, wenye kazi na wasio na kazi. Rezini ilikula zaidi ya nusu. Hatukuandika mkataba wa maneno mengi: samaki wa siku moja katika wiki ni wa kurudisha pesa, siku zingine ni za watu wa mashua.

Ilipomalizika, haikutoka mlangoni. Upana wake juu ni metre 1,40, mlango wa parseli metre 1,20. Tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa hicho. Tuliilaza ubavu, ikakwama kwa mti wa avoka. Tukavunja safu za matofali. Mpaka leo ukuta wangu una shimo lile, na mama watoto anasema tuliache, juu ya mashua ya pili. Kamioni ya makala iliyokuwa inarudi tupu ilitubebea mpaka Kapolowe kwa bei nzuri, na ilifika nyeusi kama jiko.

Siku ya kwanza ilivuja. Pembeni ya nyuma, matone, pahali ambapo mwipwa wangu na mimi tuliachiana kazi na kila mumoja alifikiri mwenzake amepaka. Tukaitoa, tukaikausha siku nne, tukasugua, tukatia kipande. Sasa ni kavu.

Kuna swali ambalo mashua haijibu, na singependa kulificha. Maji ya viwanda vya Likasi yanashuka na mto Panda mpaka Lufira, na Lufira inaingia Tshangalele. Wachunguzi wamepima samaki wa ziwa hili wakakuta metali ndani yao, kobalti ikiwemo. Tunaweza kujenga chombo kizuri namna gani, samaki anakula kile kiko ndani ya maji. Kazi ya kudai maji yale yasafishwe mbele ya kuachiliwa, hiyo ni ya sendika, ya machefu wa vijiji vya ziwa, na ya watu wanaonunua samaki sokoni. Tumeanza kukutana. Mwipwa wangu alikuja katika mkutano wa kwanza na harufu ya samaki, akakaa mbele.

Dada yangu hakuja siku ya kwanza. Alikuja wiki ya tatu, na kitambaa cha kilio bado ku kichwa, akakaa kwenye kivuli mbali kidogo na maji. Tulikuwa tunajitayarisha kutoka: mwipwa wangu, wenzake wawili, na mimi, kwani nilitaka kuona nyavu zinavyotupwa. Alituangalia, akatuhesabu na kidole, kisha akahesabu majile ya kuelea yaliyokuwa juu ya kiti.

"Majile iko tatu," akasema. "Ninyi muko bane. Mumoja ashuke."

Nilitaka kumweleza juu ya mabidon na sentimetre 40. Nikaangalia uso wake, nikashuka. Tulikaa pamoja kwenye kivuli mpaka saa tisa, hatukusema sana. Waliporudi, beseni ilikuwa imejaa nusu, tilapia na kambale mumoja mukubwa, na yeye njo aliingia ndani ya maji mpaka magoti kushika kamba.